Aliyebaki Chini ya Mbao

Kanisani kwetu mama mkwe wangu anaitwa Mama Maua, na watu wanadhani anapenda maua. Nyumbani hana hata mche mmoja. Ukimwonyesha ua lililochanua uani kwa jirani atakwambia, "Zuri," kisha anaendelea kuanika nguo zake. Lakini madhabahuni ameweka vyungu vya saruji vyenye maua ya majani mapana, vizito, kila kimoja cha kubebwa na wanaume wawili, na vyote amevibananisha mahali pamoja juu ya zulia jekundu mbele ya mimbari. Mchungaji akihubiri inabidi avizunguke. Aliwahi kumwomba avisogeze pembeni kidogo. Mama akaitikia, "Sawa, mchungaji," na Jumapili iliyofuata vilikuwa palepale.

Chini ya lile zulia kuna mbao, na chini ya mbao kuna birika la ubatizo. Ni shimo la saruji lenye kina cha kumfikia mtu kifuani, na upande mmoja lina ngazi ya mbao ya kushukia. Siku ya ubatizo zulia hukunjwa, mbao huondolewa, maji hujazwa. Siku nyingine zote birika limefunikwa, na mgeni anaweza kuimba juu yake mwaka mzima asijue amesimama juu ya nini.

Mama ndiye anayelisafisha kanisa hilo tangu mume wangu, mtoto wake wa kwanza, akiwa mvulana. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, anayetembea kama mtu aliye kwenye chumba chenye mgonjwa aliyelala. Nilipoolewa nikawa naenda kumsaidia siku za Alhamisi, na kwa kuwa mimi si msemaji, nikawa namwangalia. Anaanza kufagia mlangoni kuelekea mbele. Akifika kwenye zulia husimama pembeni, ananyoosha mkono na kulifagia kwa mbali, miguu yake isiliguse. Vikombe vidogo vya Meza ya Bwana huviosha kimoja kimoja, anavifuta, anavipanga kwenye sinia mpaka vinang'aa. Lakini siku ya Meza yenyewe yeye hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na sinia likifika kwake hulipitisha kwa jirani. Nyumbani akiomba kabla ya kula husema, "Wabariki hawa watoto." Sijawahi kumsikia akisema "tubariki".

Nilidhani ndivyo alivyo tu. Kila nyumba ina mtu wake wa namna hiyo.

Alhamisi moja, mchana wa jua kali, alitoka nje kumwaga maji machafu. Mtoto wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Nilimweka chini niweze kuvuta mabenchi, na nilipogeuka nikamkuta ameshafika mbele, amekaa katikati ya vyungu juu ya zulia jekundu, anapiga sakafu kwa kiganja. Pa, pa. Watoto hupenda sakafu yenye sauti. Nikavuta benchi lingine.

Chini yake kitu kikagonga. Ko. Ko.

Mtoto akacheka. Akapiga tena, akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kujibiwa, na akajibiwa. Mlango ulikuwa wazi. Nje niliona barabara, mwanamke akipita na ndoo, mbwa amelala kwenye kivuli cha ukuta. Jua lote lile, na nywele za shingoni zilinisimama. Mtoto alilaza shavu kwenye zulia akatulia, macho wazi, anasikiliza. Ndipo kikagonga bila yeye kupiga.

Sikumsikia mama akiingia. Nilimwona tu akipita mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akakanyaga zulia. Alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja, akamkumbatia mpaka akaanza kulia, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuipa mgongo ile sehemu.

"Usimweke hapa," alisema. "Popote utakapo, lakini si hapa."

"Mama, kuna kitu chini kinagonga."

Alinitazama. Badala ya kushangaa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba mzigo peke yake, sasa amemwona mwingine naye kaushika upande mmoja.

"Umesikia na wewe," alisema.

*

Aliniambia jioni ileile, tunaanua nguo, jua bado halijazama. Alikuwa anakunja nepi za mtoto na hakuziondolea macho.

Alisema zamani alikuwa mwanamke mwingine. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na dada yake, mkubwa wake, wakagombana kwa jambo ambalo sasa hata halikumbuki vizuri, akamwambia mbele ya watu, "Hata ukifa siji." Dada akaugua. Akatuma mtu kumwita, akatuma tena. Yeye akakaa mlangoni kwake anasuka mkeka. Dada akafa, akazikwa, na yeye hakwenda.

Baadaye ndipo alipookoka. Mchungaji wa kwanza, yule aliyeanzisha kanisa, alimsikiliza habari yote, na siku ya ubatizo, wakiwa wamesimama majini, alisema kwa sauti kanisa lote lisikie: "Yule mwanamke wa zamani tunamzika leo humu ndani. Hatatoka tena." Akamzamisha.

"Nilikwenda chini," mama alisema, "na nilipotaka kuinuka, nikashikwa."

"Ukashikwa na nani?"

"Gauni langu lilishikwa huku chini, kwa nguvu. Mchungaji ananivuta juu, kitu kinanivuta chini. Nilikunywa maji. Halafu gauni likachanika nikatoka, watu wanaimba, hakuna aliyeona." Alikunja nepi iliyokwisha kukunjwa. "Nikajua ni yeye. Tumemwacha kule, na hakukubali."

Mtoto alikuwa kwenye beseni tupu anatafuna kibanio cha nguo.

"Ndiyo maana ukaomba kazi ya kufagia?"

"Kuna mtu lazima aangalie kama anatoka."

Alinieleza alivyomjua. Kuna majuma anakuwepo na majuma anakuwa kimya. Watu wakiimba na kupiga miguu, yeye hugonga chini yao, wanadhani ni ngoma. Na mara nyingine humsikia hata akiwa nyumbani: akimkasirikia mtu, neno baya likimjia ulimini, anasikia kule ndani ko, ko, kama anayeomba kufunguliwa. Ndipo akanyamaza kabisa. Ndipo akaanza kutembea vile, polepole, asimwamshe.

"Na Mungu je, mama?"

"Naye namwamini," alisema. "Ila sijui kama siku ile alimpokea aliyetoka, au aliyebaki."

Nilitamani kumwambia neno la kumtuliza. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu mawili.

*

Basi mambo yangebaki hivyo, kama si wifi yangu.

Wifi ni kitindamimba wa mama, msusi wa nywele, mrefu kama baba yake, mwepesi wa kucheka. Aliamua kubatizwa. Kanisani kwetu anayebatizwa huwa na wa kumpokea: mama mzazi, au wa karibu kama mama hayupo. Huyo mpokeaji anashuka ngazi mpaka kwenye maji, anasimama kipandio cha chini na kitambaa cheupe, na mtu akiibuka macho yamejaa maji, uso wa kwanza kuuona ni wake.

"Magoti yangu haya," mama alisema, alipoombwa.

"Magoti? Jana umepanda stuli ukafuta panka."

"Ni ya kushuka yanayouma. Ya kupanda hayana neno."

Wifi akanigeukia. "Umesikia, wifi? Magoti yana upande."

"Mbona wapo wengine," mama alisema. "Wifi yako huyu yupo, atakupokea."

"Huyu nampenda, lakini huyu hakunizaa." Wifi aliacha kucheka. "Mama, kanisa zima unalisafisha wewe. Maji ya mle ndani unayajaza wewe. Mimi ndiye unaniogopa?"

"Sikuogopi wewe, mwanangu."

"Basi sibatizwi. Nitangoja. Magoti yakipona utaniambia."

Hakusema kwa hasira. Alichukua mkoba wake wa vitana akaenda kazini. Mama alibaki amesimama, mkono kwenye meza, na niliona midomo yake ikitikisika kama mtu anayehesabu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umesikia chochote?"

"Hapana, mama."

"Mimi nimesikia."

Siku zile zilikuwa ndefu. Alipika, akafua, akasali kwa ajili ya wengine kama kawaida yake. Nilimkuta mara moja ameshika gauni la zamani, jeupe, la nailoni, upindo wake umechanika na kipande hakipo. Alilirudisha sandukuni aliponiona. Kesho yake asubuhi, anakoroga uji wa mtoto, alisema bila kugeuka, "Mwambie wifi yako nitakuja na kitambaa. Nitasimama juu, ukingoni. Nitajitahidi."

Wifi alikubali. "Ukingoni ni karibu," aliniambia. "Akifika ukingoni, mengine tumwachie Mungu."

*

Jumamosi tulikwenda kuandaa. Wanaume wawili walisogeza vyungu, wakanung'unika kama kila mara, mmoja akauliza kama maua hayo yanalishwa mawe. Walipoondoa mbao ukapanda ubaridi, na harufu ya mahali palipofungwa.

Birika lilikuwa na maji karibu mpaka juu, meusi, yametulia. Bomba lake la kujazia lina kasoro ya siku nyingi, linadondosha. Na tundu la kutolea maji mama huliziba, maana lisipozibwa mende na harufu ya mtaro hupanda hadi kwenye mimbari. Kwa hiyo polepole, tone kwa tone, birika hujaa lenyewe gizani bila mtu kujua.

Alichukua fimbo ndefu yenye ndoano, akalala kifudifudi ukingoni, akazibua akiwa juu. Tangu abatizwe hajawahi kushuka. Maji yalishuka yakikoroma, na wakati yanashuka nilisikia tena: kugonga mara mbili tatu, kisha kama kitu kinaburuzwa, kisha kimya. Nilishika mkono wake. Ulikuwa baridi kama samaki.

"Nishuke nikasugue?" nilimuuliza.

"Hapana."

Alisugua kwa ufagio uliofungwa kwenye mti mrefu, tukamwagia maji kwa mpira, tukayatoa, tukaziba, tukafungulia bomba. Mahali pamoja tu ufagio haukufika: chini ya ngazi. Ngazi ile imezibwa kwa mbao mbele na pembeni, isipokuwa pengo ubavuni, ukutani, lenye upana wa ndoo ndogo. Mle ndani mlikuwa giza tupu. Nilichungulia kwa juu. Sikuona kitu, ila nilipata ile hisia ya kuchungulia dirisha na kukuta wa ndani naye anachungulia.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Wifi alivaa joho jeupe, nywele zake alizozisuka mwenyewe usiku kucha zimefungwa kitambaa. Mama alisimama ukingoni, kitambaa cheupe kimekunjwa kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Kinanda kilikuwa kinalia, watu wanaimba, wanapiga makofi, na mchungaji wa sasa, mtu mrefu, alikuwa ameshasimama majini ananyoosha mkono.

Wifi akashuka. Kipandio cha kwanza, cha pili. Maji yakamfika kiunoni.

Umeme ukakatika.

Kinanda kikafa katikati ya noti, vipaza sauti vikafa, feni zikaanza kupunguza mwendo. Watu wakanyamaza kwa mazoea, wakingoja urudi. Na katika ukimya ule, chini ya miguu ya wifi, kikagonga.

Ko. Ko. Ko.

Sasa kanisa lote lilisikia. Wifi aliganda. Alitazama maji, akamtazama mama yake. "Mama," alisema, "kuna kitu huku."

"Labda bomba," alisema mzee mmoja wa kanisa, lakini alisema kwa kuuliza. Mwanamke wa benchi la mbele alimchukua mtoto wake akahamia nyuma. Mchungaji alikuwa bado amenyoosha mkono, na niliona akiyaangalia maji yanayomzunguka, na ule mkono ukashuka kidogo. Kikagonga tena. Kila wifi alipotetemeka, kiligonga.

Mama aligeuza kichwa, akautazama mlango. Ulikuwa wazi, na benchi lake la siku zote lilikuwa pale, lina nafasi. Nilijua moyoni kwamba akienda, hatarudi. Wifi atapanda ngazi ile aliyoshukia, vyungu vitarudishwa, na mama mkwe wangu atalinda ile sakafu mpaka siku yake ya kufa.

Alinipa kitambaa. "Shika," alisema.

Akashuka na viatu vyake. Gauni lilivimba majini kisha likalowa likamganda mwilini. Alipita ubavuni kwa binti yake, akamgusa shavu kidogo kama kumwambia asogee, akafika chini, na kwa kimo chake maji yalimfika karibu na mabega. Akageukia ngazi. Akainamisha uso kwenye lile pengo. Alikuwa karibu nami kuliko na mtu mwingine yeyote, ndiyo maana nilisikia.

"Bwana Yesu," alisema, "siku nyingi sijakuomba lolote langu. Naogopa. Shuka na mimi hapa."

Kisha akasema na lile giza, si kwa ukali, kwa sauti ileile anayomwitia mtoto wangu akijificha chini ya kitanda.

"Na wewe, kama ni wewe, basi njoo. Mimi ndiye niliyesema lile neno kwa dada, si mtu mwingine. Mimi ndiye sikwenda. Yesu alikuja kwa ajili yako wewe uliye mchafu, mimi nikakuacha humu kama yeye hana nguvu ya kukutoa. Njoo tutoke wote."

Akaingiza mkono. Uliingia mpaka kiwiko, mpaka begani, shavu lake likalala juu ya maji. Hakuna aliyekohoa. Mtoto mgongoni kwangu alikuwa ametulia kama siku ile kwenye zulia.

Macho ya mama yakafunguka.

"Nimemshika," alisema.

Wifi alianza kulia. Mama akavuta, na kile kitu kikagoma. Akavuta tena, kikagonga mbao za ngazi kwa ndani, ko, ko, kama mtu anayebishana. Mchungaji alimsogelea, naye akamzuia kwa kichwa. Akakishika kwa mkono wa pili, akapinda kiuno kama anayeng'oa mhogo, na polepole kikatoka kwenye lile pengo: mguu wa mti, wa kijani kwa ute. Kisha mguu wa pili. Kisha kiti chake.

Kilikuwa kigoda.

Kilielea mbele yake, miguu juu, kinacheza. Alikitazama tu. Sote tulikitazama.

Kwenye benchi la tatu fundi seremala, mzee mwenye ndevu nyeupe, alisimama taratibu akashika kichwa. "Jamani," alisema, "hicho kigoda changu."

"Chako kivipi?" mchungaji aliuliza.

"Niliunda mimi. Kwa ajili ya mchungaji wa kwanza, Mungu amrehemu." Alitazama huku na huku kama marehemu anaweza kumsikia. "Alikuwa mfupi. Mnakumbuka alivyokuwa mfupi. Maji yalikuwa yanamfika shingoni, akasema mchungaji hawezi kubatiza watu huku yeye mwenyewe anazama. Nikamfungia jiwe chini kisielee. Akimaliza anakisukumia chini ya ngazi kisionekane. Aliniapisha nisimwambie mtu."

"Na wewe hukusema," alisema mzee wa kanisa.

"Niliapa. Halafu akafa, nikasahau. Kamba itakuwa imeoza, jiwe likadondoka."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani, akajizuia, jirani yake akamshika, na kicheko kikapita mabenchi yote kama upepo kwenye nyasi. Hata wifi alicheka na machozi yake. Watu walikuwa wanacheka kwa kushusha pumzi. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anakigeuza kile kigoda, anapapasa mguu mmoja kwa kidole. Kulikuwa na msumari umechomoza, umekula kutu, na kwenye msumari kipande cha nailoni kilichokuwa cheupe zamani.

Nikaelewa. Siku ile yule mchungaji mfupi alisimama juu ya kigoda, na kigoda kikashika upindo wa gauni la mama. Aliyemvuta juu ndiye, kwa uzito wake mwenyewe, aliyemkandamiza chini. Masikini ya Mungu, na wala hakujua.

Mama alikichomoa kile kipande taratibu, akakifumbata. Akampa fundi kigoda chake. Akasimama kwenye kipandio cha chini, amelowa mpaka kichwani, akaninyooshea mkono nimpe kitambaa.

"Endelea, mchungaji," alisema. "Mtoto anapata baridi."

Wifi akazamishwa, akaibuka, na uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa mama yake.

*

Baadaye, tukiwa tunakamua nguo nyuma ya kanisa, mchungaji alikuja. Wifi alikuwa ameshamweleza mambo yote, hajui kufunga mdomo. Mchungaji alisimama kwa adabu, akauliza kama mama angependa abatizwe upya, kwa amani ya moyo wake.

Mama alifikiri. "Hapana, mchungaji. Mimi nilibatizwa siku ileile. Nilichelewa tu kutoka."

Kuna jambo moja nilimuuliza nyumbani, maana lilinikaa. Birika likiwa kavu kigoda hakigongi. Na yeye aliwahi kusikia hata majuma ambayo birika ni kavu, akiwa humu ndani kwetu.

Alikuwa anambembeleza mtoto. Alimhamishia kwanza bega la pili.

"Hizo, mwanangu," alisema, "nadhani ulikuwa moyo wangu. Au alikuwa Bwana mwenyewe. Nilikuwa nimemfungia nje, labda alichoka kungoja mlangoni akazungukia chini."

Hilo la pili nimeliwaza mara nyingi, na kila nikiliwaza ngozi hunisisimka kidogo. Lakini si kama zamani.

Siku ya Meza ya Bwana iliyofuata niliosha vikombe naye. Alipanga sinia, akahesabu watu kwa macho, akaongeza kimoja. Ibadani alikaa benchi la katikati, na sinia lilipomfikia alichukua, akanywa. Hakumtazama mtu. Nyumbani aliomba chakula akasema, "Tubariki," na mume wangu, ambaye alikuwa amerudi safari siku hiyo na hakujua lolote, alisema amina akaanza kula kama hakuna kilichotokea.

Vyungu sasa viko nje, kando ya mlango. Maua yamependa jua, yamezidi hata kunenepa.

Alhamisi iliyopita nilichelewa kufika kwa sababu mtoto alikuwa anaota meno. Kanisa lilikuwa tupu, ufagio umeegemezwa ukutani. Nilimweka mtoto chini nifungue madirisha, naye akaenda moja kwa moja kwenye zulia jekundu, akakaa, akapiga sakafu kwa kiganja. Pa, pa.

Chini kikamjibu. Ko. Ko.

Roho ilinipaa, siwezi kusema uongo. Nilisimama na mkono kwenye komeo la dirisha. Mtoto alicheka, akapiga tena, akajibiwa tena. Nikapiga moyo konde, nikasogea hadi ukingo wa zulia.

"Nani huko?" niliuliza.

"Mimi," mama mkwe alisema, chini ya mbao, sauti yake nzito kwa saruji. "Kona hii ya ngazi ina uchafu wa miaka yote. Usisimame tu hapo, mwanangu. Niletee ufagio."

Upande wa pili wa zulia ubao mmoja ulikuwa umeondolewa. Nilipouchukua ufagio na kumshushia, nilimkuta amekunja gauni mpaka magotini, peku, mwanga wa dirisha umemwangukia utosini, na alikuwa anaimba kwa sauti ya mtu asiyeogopa kumwamsha yeyote.